Chumvi Iliyomwagwa Mchangani

Kila asubuhi Ruthu aliteka maji kisimani, akawafungulia mbuzi, kisha akambeba mgongoni mdogo wake Yotham huku mama yao, Zipora, akitengeneza chumvi. Ilikuwa miaka ile Wajerumani walipokuwa wakijenga reli, na baba yao alikuwa amechukuliwa kwenda kuponda mawe. Mvua ilikuwa imekataa kunyesha. Ghalani walibaki panya tu, nao walikuwa wamekonda.

Zipora alikwangua udongo wa chumvi mbugani, akauweka katika kikapu chenye nyasi na kuumiminia maji. Maji yaliyochuruzika aliyachemsha mpaka yakakauka, chumvi ikabaki chunguni. Chumvi hiyo ingebadilishwa kwa mtama wa Halfani, mchuuzi wa Kondoa. Yotham alikuwa hoi kwa njaa, na bila uji asingefika mbali.

"Halfani atapita kesho hapa Ihumwa," Zipora alisema akienda kutafuta kuni. "Usiiguse chumvi, mwanangu."

Ruthu aliigusa. Alitaka kulamba kidogo tu, lakini kibuyu ambamo mama aliitia kilimponyoka na chumvi yote ikamwagikia ndani ya mtungi wa maji. Mwanzoni hakuogopa sana. Siku moja huko nyuma samli ilidondokea majini, ikaelea, naye akaiopoa yote. Basi akaingiza mkono, akakoroga, akapapasa hadi chini. Hakupata hata punje. Alipoyaonja maji, uso ulimkunjamana.

Akadhani chumvi imepotea kabisa. Kwa hofu aliuburuta mtungi hadi nyuma ya nyumba, akayamwaga maji mchangani. Mama aliporudi, Ruthu alisema, "Mbuzi ameingia, mama. Ameangusha mtungi na kula chumvi."

Zipora hakumgombeza. Alikaa chini akashika kichwa, na hilo lilimuumiza Ruthu kuliko fimbo.

Kesho yake Halfani alifika na punda wake. Aliposikia habari ya mbuzi, alimtazama Yotham kwa huruma.

"Mtama huu si wangu peke yangu, dada," alisema. "Nitakuwa Dodoma hadi keshokutwa. Ukipata chumvi yoyote, nifuate." Akawaachia konzi moja ya mtama, akaenda zake.

Jioni Ruthu aliwaona mbuzi wamesongamana nyuma ya nyumba, wakilamba mchanga. Pale alipomwaga maji palikuwa pamekauka, pakafanya ukoko mweupe. Aliuonja. Ilikuwa chumvi. Akinyamaza, atajiokoa mwenyewe. Akisema, huenda akamwokoa Yotham. Alimwendea mama yake, akamweleza yote.

Zipora alichukua kikapu. Waliukwangua mchanga ule, wakauchuja kwa maji, wakachemsha. Chumvi ilirudi, lakini haikufika nusu, maana sasa mbuzi walikuwa wameila kweli. Alfajiri Zipora akashika njia ya Dodoma.

Alirudi na mtama jua likizama. Alimkuta Ruthu mlangoni, Yotham mapajani mwake, amefunikwa nguo nyeusi ya kaniki. Mtoto alikuwa amekwisha kukata roho.

Baada ya mazishi uji ulipikwa, wakaunywa wakilia.

"Mama, mimi ndiye niliyemuua," Ruthu alisema.

"Njaa ndiyo iliyomuua. Usijitwike mzigo usio wako. Lakini wako upo, nao ubebe." Zipora aliweka bakuli chini. "Samli haipatani na maji, ndiyo maana uliiona ikielea. Chembe za chumvi hushikana zenyewe kwa zenyewe. Zikiingia majini huachana, kila moja ikashikwa na maji. Huzioni, lakini zipo. Maji yakiondoka kwa moto, zinashikana tena. Ungeniambia siku ile ile, ningeyachemsha tu maji yale, na Halfani angeikuta chumvi yetu yote."

Ruthu aliutazama mkeka wa Yotham, ambao hakuna aliyethubutu kuukunja.

Zipora akamvuta karibu. "Yeye harudi, mwanangu. Kwa hiyo siku nyingine ukikosea, sema mapema, wakati bado kuna kitu kinachoweza kurudi."