Mkwe wa Harlan Yount

"Kozi, funga mlango."

Sauti ya Tolliver, mkuu wake, ilikwaruza ndani ya helmeti, fupi na kavu. Kozi lilikuwa jina la redioni la Verna Yount. Alikandamiza mafuta mpaka mwisho, na ile Corvette ya kijivu ikachomoka kama iliyotiwa pilipili.

Maili mia na arobaini kwa saa.

Mia na hamsini.

Kufunga mlango, kwa lugha ya Idara yao ya upelelezi, kulikuwa na maana moja tu. Porsche nyekundu iliyokuwa mbele yake isitoke uwanjani.

"Vijana wetu wako wapi?" aliuliza.

"Dakika kumi na mbili. Lori limepinduka barabara kuu."

"Bendera ya mwisho ni baada ya dakika nne, Tolliver."

"Ndiyo maana nimekwambia ufunge mlango."

Ilikuwa siku ya wazi katika uwanja wa mbio wa Catawba Gap, North Carolina. Mwenye gari la kasi alilipa kiingilio, akavaa helmeti, akazunguka na mkufunzi kando yake kwenye lami ile ya mviringo iliyoinuka kona zake kama ukingo wa bakuli. Madaktari wa meno. Mawakili. Wauza nyumba na wake zao. Bastola ya Glock iliyokuwa kwapani mwa Verna haikuwa na kazi mahali kama pale.

Porsche iliendeshwa na Emil Kastner, mnunuzi wa silaha za wizi. Nyuma ya majukwaa helikopta yake ilikuwa imeshawashwa. Kando ya Kastner, kwenye kiti cha mkufunzi, alikaa Harlan Yount, mzee wa miaka sitini na minane aliyewahi kushinda mara tatu kwenye lami hiyohiyo. Katikati ya miguu ya mzee kulikuwa na kifurushi kisichozidi kopo la soda.

Jicho la kombora. La kudungulia helikopta.

Harlan aliliiba kiwandani alikokuwa fundi. Akachagua kulikabidhi mahali pasipo na masikio, ndani ya gari linalonguruma.

Tolliver alimtuma Verna kwa sababu moja ambayo hakuitamka redioni. Harlan alikuwa baba mkwe wake.

Dell, mwana pekee wa Harlan na mume wa Verna, alikuwa rubani wa jeshi. Miaka tisa iliyopita helikopta yake ilianguka kwenye milima ya ng'ambo. Mwili haukuonekana. Serikali ilileta bendera iliyokunjwa, ile ya wafiwa, ikaleta barua, ikanyamaza.

Asubuhi ile mzee alikuwa amempa Verna mkate wenye ini la kukaanga, akamtazama juu mpaka chini.

"Binti, umekonda. Hiyo serikali yako haikulishi?"

"Inanilisha makaratasi, Baba."

Alicheka, kisha akamshika bega. "Jumamosi usisafiri. Popote wanapokutuma, waambie hapana."

Macho yake yaling'aa. Tangu Dell apotee, Verna hakuwahi kumwona mzee yule na furaha. Ndiyo iliyomtisha.

Sasa alijipachika nyuma ya Porsche, karibu mno, mahali ambapo gari la mbele hukukatia upepo na lako likavutwa kama kwa kamba. Kastner aliiona Corvette kwenye kioo. Akayumba kulia, akambana ukutani.

Chuma kikakwaruza zege. Cheche.

Verna alirudi nyuma kidogo, akafungua redio ya pili, ya wakufunzi.

"Baba. Ni mimi, niko nyuma yenu."

Mkwaruzo redioni. Kisha pumzi ya mzee.

"Nimekuona. Unashika usukani vilevile, kama unakamua ng'ombe."

"Kastner anatusikia?"

"Nimechomoa waya wake. Niache, binti. Mzunguko mmoja tu."

"Siwezi."

"Watu wake wanaye Dell." Sauti ilipasuka. "Mifupa yake wanayo, Verna. Wananirudishia mwanangu nimzike. Amenipa pete yake ya ndoa."

Kona ya pili ikapita. Verna hakuiona.

"Wanakudanganya. Pete zipo kila duka."

"Hii imeandikwa ndani."

"Nisomee."

"Herufi zimelika..." Mzee alisita. "'Rudi umlishe mbwa.' Ndivyo inavyosema. Upuuzi gani huu?"

Verna aliyajua maneno yale.

Alikuwa ameyaandikisha mwenyewe, wiki ya harusi. Dell alikuwa hamlishi mbwa asilani. Verna hakumwambia mtu, hata mama yake Dell.

Kwa hiyo ilikuwa kweli. Mahali fulani duniani kulikuwa na sanduku, na ndani yake alikuwamo mumewe, na njia ya kulifikia ilikuwa kuinua mguu. Kuinua mguu tu, gari lipungue, Porsche iende zake.

Aliuinua.

Mita kumi. Ishirini. Porsche ilianza kuwa ndogo.

"Kozi!" Tolliver alifoka. "Anakuacha!"

Aliizima redio ya Idara.

"Baba, unajua hicho kitu kinafanya nini?"

Mguu wa Verna ukarudi kwenye mafuta.

"Kinatafuta joto la injini ya helikopta. Rubani hakioni. Utamzika Dell Jumamosi. Baada ya hapo wazazi wa watu wengine nao wataletewa bendera."

Kona ya tatu. Injini zililia. Verna alisikia kilio kingine redioni, cha mtu mzima anayejaribu kukizuia kwa meno.

Kisha sauti ya mkufunzi ikarudi, ileile iliyomfundisha kuendesha akiwa mchumba wa Dell.

"Anaachia mafuta mapema kona ya nne. Mwoga. Pita chini, umguse pembe ya nyuma, kushoto. Tutateremka kwenye nyasi. Usinipeleke ukutani."

"Kaza mkanda, Baba."

"Umekazwa. Njoo."

Alikuja.

Mia na sitini na mbili. Pua ya Corvette ikaibusu pembe ya Porsche, na ile nyekundu ikageuka, ikazunguka mara tatu ikishuka mteremko, ikalima nyasi, ikalala ubavu.

Verna alifika kwa miguu, Glock mkononi. Kastner alikuwa akitambaa kutoka dirishani, damu puani.

"Mpumbavu wewe," alisema. "Sasa hamtampata kamwe."

"Lala chini."

Akamfunga pingu. Akachukua kifurushi, akawasha redio.

"Mlango umefungwa."

"Kazi safi, Kozi! Kazi sa..."

Aliizima tena.

Harlan alikuwa ameketi kwenye nyasi, mtulinga umevunjika, uso umejaa vumbi na michirizi ya machozi. Alinyoosha mkono ule mzima.

"Nifunge. Usimwachie mwingine."

Alimfunga, mkono mmoja, akaushikanisha na wake mpaka vijana walipofika. Walipomwinua kumpakia, mzee aligeuka.

"Mama yenu Opal hajui nilichofanya. Nilimwambia tu kwamba Dell amepatikana. Ameshamwita mchungaji. Ameshapiga pasi suti ya kumzikia mwanetu."

"Nitakwenda mimi, Mama aambiwe na mtu wake."

"Hatakusamehe."

"Najua, Baba."

Tolliver alikuwa akija mbio, mkono umenyooshwa wa pongezi. Verna alimpita. Aliivuka lami taratibu, helmeti ikining'inia kidoleni, mgongo umenyooka. Daktari mmoja wa meno alimwuliza kama ameumia.

"Hapana," alisema, akaendelea kutembea kuelekea maegesho.