Ukurasa Uliogoma Wiki ya Harusi

Twaiba alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, lakini ulimi wake ulikuwa wa mtu mzima. Kila alasiri akitoka shuleni pale Munje, aliwaamkia wakubwa, akabadili sare, akala, kisha akatoka barazani kuwahesabu majirani waliokuja kutumia intaneti yao.

"Leo wamefika kumi na mmoja," alimwambia nyanya yake, Bi Mbeyu. "Na mbuzi mmoja."

"Mbuzi naye ana simu?"

"Simu hana, Bibi, lakini nywila bila shaka anaijua!"

Bi Mbeyu alicheka hadi ushungi ukamteleza. Yeye mwenyewe ndiye aliyeitoa nywila hiyo kwa kila aliyeuliza. Kwake, kumnyima jirani intaneti kulikuwa sawa na kumnyima maji ya kunywa, na tangu azaliwe hajamnyima mtu maji.

Wiki hiyo ukarimu huo ulileta taabu. Dada yake Twaiba, Hasina, alikuwa anaolewa na Abdulwahab Jumamosi. Baba yao alikuwa dereva huko Maskati, na tajiri wake hakumpa ruhusa ya kuja. Ami Sharif, ndugu mdogo wa Baba, ndiye ambaye angeozesha kwa niaba yake. Hata hivyo, Baba alikataa kumwachia mtu jambo moja, nalo ni kumwuliza binti yake kama ameridhika na mume huyo.

"Hilo nitamwuliza mwenyewe," alisema. "Nitamwuliza nikimwona uso, hata kama ni ndani ya simu."

Data ya simu haikushika vizuri chumbani kwa Hasina, na bi harusi hatolewi nje siku yake kwenda kutafuta mtandao. Tegemeo likawa rauta, kile kisanduku cheupe cha intaneti kilichokuwa sebuleni. Jumatano walipofanya majaribio, majirani walikuwa wamejaa mtandaoni. Sura ya Baba iliganda mdomo ukiwa wazi, na sauti ikaja vipandevipande. Twaiba alicheka. Hasina hakucheka hata kidogo.

Baba akatuma ujumbe wa sauti. Wafungue ukurasa wa mipangilio ya rauta, wakubali sasisho la programu yake lililokuwa likisubiri, kisha wabadili nywila mpaka harusi ipite. Kazi hiyo akapewa Twaiba, mjuzi wa nyumba.

"Na usiichomoe mpaka taa igeuke kijani," Mama alimwonya, akarudi jikoni kuchagua mchele.

Twaiba alibonyeza palipotakiwa. Maandishi yakatokea yakimwambia asubiri dakika kumi na asizime chombo. Lakini wenzake walikuwa karibu kufika kwa mazoezi ya nyimbo za harusi, naye alitaka dera lake jipya linukie udi kabla hawajaingia. Chetezo chao kilikuwa cha umeme, zawadi ya Baba kutoka Maskati, na sebule nzima ilikuwa na soketi moja tu. Dakika ya nne, Twaiba alijiambia kwamba dakika mbili haziui mtu. Akachomoa rauta, akachomeka chetezo, akafukiza dera lake hadi wapita njia wakageuka. Kisha akarudisha rauta mahali pake na kuingia kuimba.

Intaneti ilirudi, lakini ukurasa wa mipangilio ukaanza vituko. Ulichukua dakika tano kuonyesha mahali pa kuingilia. Kila Twaiba alipoandika nywila mpya na kubonyeza neno "Hifadhi", ukurasa ulizungusha kiduara chake, ukazungusha tena, ukaganda.

"Sasisho lenyewe ni bovu," alisema upesi, kabla hajaulizwa na mtu.

Alhamisi yote ikaliwa na ukurasa huo. Walijaribu simu ya Mama, wakajaribu ya Hasina. Walifuta kumbukumbu za kurasa za zamani. Walizima rauta, wakaiwasha. Bi Mbeyu akaipangusa vumbi na kuisomea dua. Ukurasa ukabaki vilevile, na Twaiba akapoteza hamu ya kula, jambo ambalo nyumba ile haikuwa imewahi kuliona.

Ijumaa baada ya swala, Mama alimwita fundi kutoka Ukunda. Alikuwa msichana wa bara aitwaye Mercy, mwenye mkoba mkubwa na cheko la karibu.

"Shikamoo," Twaiba alimwamkia.

"Marahaba! Sasa hii kitu inasumbua wapi?" Mercy akafungua kompyuta yake na kuutazama ukurasa ukijikokota. "Wakati wa apdeti, stima ilipotea?"

"La, umeme haukukatika," Mama alijibu.

"Na hakuna mtu aliichomoa?"

Mama akamgeukia Twaiba. "Wewe ndiye uliyekuwa hapa, mwanangu. Iliguswa?"

"Haikuguswa," Twaiba alisema, akitazama jamvi.

Mercy akaamini. Akakagua waya, akabadilisha plagi, akaigeuza rauta juu na chini. Saa nzima ikapita. Mwishowe akajifuta jasho.

"Kama hakuna kitu ilifanyika, basi imeharibika ndani. Nitaenda nayo dukani, niifungue polepole. Mtaipata Jumatatu."

"Jumatatu!" Mama alishika kiuno. "Na harusi ni kesho?"

Katika chumba cha ndani, Hasina alikuwa amekaa kwenye mkeka, mikono na miguu imejaa hina mbichi. Alisikia kila neno. Machozi yakaanza kumtiririka, wala hakuweza kuyafuta, kwa sababu hina ingeharibika. Twaiba akakimbilia ndani na kumpangusa kwa upindo wa leso yake.

"Basi Baba hataniuliza," Hasina alisema kwa sauti ndogo. "Ami atasimama mahali pake, nami nitaitikia. Si kitu. Wewe usilie, Twaiba. Umehangaika na rauta ile siku mbili kwa ajili yangu."

Shukrani hiyo ilimchoma Twaiba kuliko kiboko. Aliona aibu, akaogopa, kisha akaona kwamba aibu na woga ni afadhali kuliko kumtazama dada yake akilia. Akatoka mbio na kumkuta Mercy anafunga mkoba.

"Dada Mercy, ngoja! Niliichomoa mimi. Sasisho halikuwa limekwisha. Nilitaka kufukiza dera langu." Akageuka. "Mama, nilisema uongo. Nisamehe."

Mama alifumba macho, akavuta pumzi. Mercy ndiye aliyeangua kicheko.

"Wee! Mimi natafuta ugonjwa kichwani, kumbe ni mguu! Sasa hiyo ni rahisi. Sasisho lilikatwa katikati, hii kitu ina nusu mpya na nusu ya zamani, na hizo nusu hazielewani. Tutaliweka upya, lote, kwa waya."

Akaiunganisha rauta na kompyuta na kuanza. Bi Mbeyu akavuta kiti chake, akakaa mbele ya soketi na bakora mkononi.

"Atakayesogea hapa na chetezo, nitamfukiza yeye!" alitangaza.

Hakusogea mtu. Taa ilimweta, ikamweta, ikageuka kijani. Mercy akafungua ukurasa wa mipangilio, nao ukatokea kabla Twaiba hajamaliza kusema Bismillahi. Vigelegele vikalipuka hadi jikoni.

"Sasa tubadilishe nywila," Mama alisema.

"Na majirani zangu?" Bi Mbeyu aliuliza kwa huzuni.

"Bibi, nitakutengenezea njia ya wageni, kando," Mercy alimjibu. "Wao watakuwa na yao, nyinyi na yenu. Hawatawabana." Njia hiyo ikapewa jina la Karibu Jirani, na Bi Mbeyu akatoka palepale kwenda kutangaza nywila yake.

Jumamosi alasiri, Ami Sharif na mashahidi wakisubiri mlangoni, Baba alionekana kwenye simu akiwa na kanzu nyeupe na kofia ya kushona. Sura haikuganda.

"Hasina, mwanangu, nimeombwa nikuozeshe kwa Abdulwahab. Umeridhika?"

"Nimeridhika, Baba."

Baba alilia wazi mbele ya watu, naye Mama akalia, na wanawake wakapiga vigelegele hadi kuku wakakimbia uani. Ami Sharif akaenda kuozesha.

Baadaye, biriani likiliwa, Baba aliomba aitiwe Twaiba. Mama alikwisha kumsimulia yote.

"Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua," alimwambia kwa upole. "Kuchomoa rauta lilikuwa kosa la dakika mbili, mwanangu. Kulificha ndiko kulikotupotezea siku mbili, na kidogo kunikoseshe sauti ya dada yako. Ukikosea, sema mapema, kwa maana hakuna fundi anayeweza kutibu asichoambiwa. Na jana ulisema, ingawa uliogopa. Kwa hilo, nakushukuru."