Mume wa Kwenye Fomu

Gari-moshi la Kalemie lilipoingia Kindu, stesheni ilijaa wachuuzi, magunia ya chumvi na harufu ya samaki wakavu. Katikati ya msukumano, Katungu, binti wa mfanyabiashara kutoka Butembo, alikuwa amepiga magoti, kitenge chake cha njano kimeshika vumbi, akifungua mota ya umeme iliyoletwa kwa chuo chake cha ufundi.

"Mama, hiyo mota iko muzima?" mtu akauliza.

Akainua macho. Kijana mrefu, suti ya abakosti ya kijivu, isiyovaliwa na tai, pasi imenyooka.

"Usiniite mama. Nishikie hizi skurubu."

Kijana akacheka, akachutama. Alikuwa Musafiri, karani wa ofisi ya misaada ya masomo.

Miezi minne walipendana. Musafiri alimwandikia barua ndefu. Katungu alimtania kwa viatu vyake vya kung'aa kama vya bwana harusi. Ni Musafiri aliyemweleza masharti ya buruse, msaada wa fedha wa kumalizia masomo Kisangani: awe amefaulu mwaka wa kwanza, alama sitini kwa mia, na kama ni msichana, asiwe ameolewa.

"Yote uko nayo, mupenzi. Lete fomu, nitaijaza na kuipeleka mwenyewe."

Orodha ilipobandikwa, jina lake halikuwemo. Mkuu wa chuo, Sitwayeni, yaani Raia, Okito, akamfungulia jalada. Mbele ya swali la ndoa, kwa mwandiko ambao Katungu aliujua kuliko wake mwenyewe, ilisomeka: Ameolewa. Mume: Musafiri.

Alikwenda posta, akaomba laini ya simu hadi ofisini kwa Musafiri.

"Alo? Moyo wangu!"

"Nani aliniozesha, Musafiri?"

Simu ikakwaruza.

"Katungu, sikia. Kisangani iko mbali. Miaka mbili! Nilikuwa nakwenda kwa baba yako, nikuoe, na ile neno ingekuwa kweli."

"Wanaume mia pale chuoni walinicheka kwa kushika nyaya. Wewe njo uliniambia nisiwasikilize. Na wewe njo umenifungia mlango!"

"Niliogopa kukupoteza."

"Andika barua. Sema ulidanganya."

"Watanifukuza kazi."

"Iko nafasi moja, Okito amesema, nikifika Kisangani mwenyewe na hiyo barua mbele ya wiki kuisha. Kesho asubuhi napanda meli. Andika."

Akakata simu, kisha akalia mbele ya karani wa posta bila aibu.

Asubuhi Musafiri alimkuta bandarini, meli ya Ubundu, njia ya Kisangani, ikipiga honi. Hakuwa amenyoa. Alimpa barua, sahihi yake chini. Katungu aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia kifuani.

"Nimefanya ulivyotaka," Musafiri akasema. "Sasa sema: hunipendi tena?"

"Nakupenda. Njo sababu inaniuma hivi."

"Basi nioe... nikuoe. Nitakungoja!"

Katungu alijitwika sanduku lake kichwani, machozi yakimtiririka.

"Ungeniuliza tu kama nitakubali unioe, Musafiri, mbele ya kujaza ile fomu. Ningekubali."

Akapanda ngazi ya meli, hakumpa mkono.