Alama Nne za Bibi Mkunga

Kila Jumatano kengele ya saa tisa alasiri ikilia, wanafunzi wengine walikimbilia nyumbani, msichana mmoja alikimbilia kwa Bibi Mkunga. Shuleni walimwita Chapuchapu, na jina hilo hakulipata bure. Alikuwa binti wa miaka kumi na mitatu anayekula chapuchapu, anayeandika chapuchapu, na anayefua sare yake chapuchapu hadi kola inatoka kwenye beseni na weusi ule ule ilioingia nao. Mama yake, fundi cherehani, alizoea kumwambia, "Mwanangu, siku moja utatangulia shuleni, miguu ije baadaye."

Bibi Mkunga alikaa nyuma ya duka la dawa, chumba na sebule. Kamba ilifungwa kutoka kitandani hadi mlango wa choo ili ajishike anapotembea, maana macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Aliona mwanga, aliona kivuli cha mtu akipita, basi. Mikono yake ilikuwa imepokea watoto wa mtaa mzima kwa miaka thelathini na tano, na baadhi ya watoto hao sasa walikuwa na vitambi na mvi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Chapuchapu. Nimekujua tangu uko nje. Wenzako hugonga mlango, wewe unaugombeza."

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Kwanza aliinua zulia dogo la mlangoni kuangalia kama kuna barua, kwa sababu waliozileta walizisukuma chini ya mlango na zulia likazimeza. Zikiwapo, alizisoma kwa sauti. Halafu alipanga vidonge vya wiki, akafagia, akahakikisha jiko la gesi limefungwa. Yaliyobaki yalikuwa maongezi, na kwa maongezi Bibi Mkunga hakuwa na mpinzani.

Mwaka ule jimbo zima lilikuwa katika mpango wa kujitolea. Mafundi bomba walitengeneza mabomba ya shule bila malipo, walimu wastaafu walifundisha watu wazima kusoma, na wanafunzi wa madarasa ya juu walitakiwa kutoa saa thelathini kila mmoja. Kila mwanafunzi alikuwa na kadi yenye visanduku kumi na vitano, kisanduku kimoja kwa kila saa mbili. Aliyesaidiwa alitia sahihi. Asiyeweza kuandika alibonyeza kidole gumba kwenye pedi ya wino, kisha kwenye kisanduku. Shule ambayo watoto wake wote wangejaza kadi, jina lake lingesomwa kwenye sherehe ya jimbo.

Madaktari wa macho nao walijitolea. Walizunguka na basi lao wilaya baada ya wilaya, wiki moja kila mahali, wakiwafanyia watu upasuaji bure. Bibi Mkunga alikuwa amejiandikisha, naye aliambiwa angeletewa barua yenye siku yake. Simu hakuwa nayo. Vitufe vilimshinda tangu macho yaanze ukungu, na binti yake alimpigia kupitia simu ya mwenye duka la dawa.

Huyo binti alikuwa nesi nchi za mbali. Hakuwa amerudi kwa miaka sita, na sasa alikuwa amepata likizo ya siku kumi. Angekuja na mtoto wake wa miaka mitano, aliyezaliwa huko huko.

"Nimepokea watoto wa watu hata hesabu nimepoteza," Bibi Mkunga alisema. "Mjukuu wangu mwenyewe sijamtia machoni. Barua ikija, Chapuchapu, nisomee siku hiyo hiyo."

"Siwezi kuisahau, bibi."

"Najua. Ndiyo maana nalala usingizi."

Wiki iliyofuata mwalimu wa michezo alitangaza kuwa timu ya netiboli itafanya mazoezi kila Jumatano kwa wiki nne, na atakayekosa hata mara moja asahau kuvaa jezi. Chapuchapu alikuwa mchezaji wa akiba. Mwaka mzima alikuwa amekalia benchi, akiwashikia wenzake chupa za maji. Hapo ndipo angeweza kumwendea mwalimu, au kumwomba Bibi Mkunga abadilishe siku iwe Jumamosi. Lakini Jumamosi ilikuwa siku yake ya kulala hadi jua limpige usoni, na kuomba ruhusa ni kazi ya watu wenye subira.

Basi Jumatano hiyo, kabla mazoezi hayajaanza, alipitia mbio kwa Bibi Mkunga na pedi ya wino mkononi.

"Bibi, kadi zinakusanywa mapema. Mwalimu anataka alama za mwezi mzima."

"Mwezi mzima? Na kazi ya mwezi mzima iko wapi?"

"Ndio utaratibu, bibi. Tena tuna mitihani, Jumatano hizi sitaweza kuja. Nitakuja Jumamosi."

Bibi Mkunga alinyoosha mkono. Chapuchapu alikishika kidole gumba, akakibonyeza kwenye wino, kisha kwenye kadi. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Kilikuwa kidole kipana, chenye ngozi laini ya uzee, nacho kilimfuata kila alikokipeleka.

"Mitihani ni kitu kikubwa," bibi alisema akijifuta wino kwa kitambaa. "Nitakuombea. Usinifikirie mimi, soma."

Na kweli hakumfikiria. Jumamosi ya kwanza alilala. Ya pili alienda kumtazama rafiki yake akisukwa nywele. Ya tatu alikumbuka akiwa tayari kitandani, akajiambia kwamba bibi ana majirani. Ya nne hakukumbuka kabisa. Siku ya mashindano aliingia uwanjani dakika kumi za mwisho, akafunga bao moja, na darasa zima likampigia makofi. Raha hiyo aliipata, tusimnyime. Ila ilikuwa raha fupi.

Jumatano ya tano alifungua mlango wa Bibi Mkunga taratibu, jambo ambalo si kawaida yake.

"Ni nani?" bibi aliuliza.

"Mimi, bibi. Chapuchapu."

"Kumbe. Leo mlango umeufungua kwa adabu mpaka nisikutambue. Mitihani imeendaje?"

"Vizuri."

"Mungu mkubwa. Hebu angalia zulia. Hawa watu wa macho wamenyamaza sana, na mwanangu anaingia Jumamosi ya wiki ijayo."

Chapuchapu aliinua zulia. Barua ilikuwapo, bahasha ya kahawia yenye nembo ya mpango wa jimbo, imekanyagwa hadi ikachukua umbo la sakafu. Aliifungua pale pale mlangoni. Siku ya Bibi Mkunga ilikuwa Jumatatu ya wiki iliyopita, saa mbili asubuhi, kituo cha afya cha wilaya. Chini yake waliandika kwamba asiyefika, nafasi yake atapewa mwingine, na basi halitarudi hadi mwaka ujao.

Aliigeuza bahasha nyuma, kana kwamba kuna tarehe nyingine.

"Kuna kitu?" Bibi Mkunga aliuliza.

"Hakuna, bibi."

Neno lilitoka lenyewe, chapuchapu kama mambo yake mengine. Aliikunja barua, akaitia mfukoni mwa sketi, akafagia sebule mara mbili. Bibi Mkunga alikuwa akieleza atakavyomvalisha mjukuu wake gauni alilolihifadhi sandukuni, na jinsi atakavyomtazama kwanza masikio, kwa sababu katika ukoo wao masikio hayadanganyi. Chapuchapu aliitika "ndiyo, bibi" kila baada ya sentensi.

Nyumbani hakula. Mama yake alisimamisha cherehani katikati ya mshono, kitu ambacho hakukifanya hata mvua ikinyesha ndani.

"Wewe kukataa chakula? Una nini?"

Chapuchapu aliitoa barua, akaiweka juu ya kitambaa. Kisha akasema yote: alama nne, mitihani isiyokuwapo, Jumamosi nne, na lile "hakuna" la mchana. Mama alisoma barua mara mbili. Hakupiga, hakugomba. Alivua miwani, akaiweka juu ya barua.

"Umemwambia kipofu kwamba hakuna barua," mama alisema mwishowe, "nawe umeishika mkononi."

"Ndiyo, mama."

"Vaa viatu."

Walimkuta Bibi Mkunga anamenya viazi kwa kupapasa. Mama aliketi pembeni, akamwachia binti yake aseme mwenyewe. Chapuchapu alisema huku machozi yanamtoka, na alipomaliza, Bibi Mkunga aliendelea kumenya kiazi kile kile hadi kikabaki kidogo kama karanga.

"Nilikuwa nikikuombea kila Jumatano," alisema. "Saa tisa na nusu, wakati ule ambao ungekuwa hapa."

Kisha akachukua kiazi kingine. Chapuchapu alitamani atukanwe. Alitamani kofi. Hakupewa hata kimoja, akarudi nyumbani nyuma ya mama yake, na usiku ule alijua maana ya maji kumwagika yasizoleke.

Kesho yake walienda watatu, yeye, mama na mwalimu mkuu, hadi ofisi ya mpango wa kujitolea. Mwalimu mkuu alikuwa ameichukua kadi na kufuta visanduku vinne kwa kalamu nyekundu, na shule ikajua kwamba jina lake halitasomwa kwenye sherehe. Wenzake Chapuchapu walimnunia, na hakuwa na la kujitetea. Mratibu, mwanamke mwenye sauti ya kukwaruza na mafaili mengi kuliko meza, aliwasikiliza hadi mwisho.

"Iko wapi orodha ya wagonjwa wa akiba?" alimuuliza msaidizi wake, akapewa karatasi. Alipitisha kidole juu hadi chini. "Nafasi ipo, ila ni wilaya ya mwisho, ng'ambo ya pili ya jimbo. Alhamisi, wiki tatu kutoka leo."

"Hakuna ya karibu zaidi?" mama aliuliza. "Binti yake anaondoka Jumanne ya wiki hiyo."

"Mama yangu, wote walio mbele yake nao wana watu wao." Mratibu alimtazama Chapuchapu. "Siwezi kumtoa mtu kwenye foleni ili kufunika kosa la mwingine."

Siku mbili. Ndizo zilizopungua.

Jumamosi ya wiki iliyofuata binti wa Bibi Mkunga alifika na mtoto wake. Chapuchapu alikuwa ameruhusiwa kuendelea kufagia. Bibi Mkunga hakumfukuza, ila maongezi yalikwisha. Chapuchapu alikuwapo siku ambayo mtoto mdogo alikaa miguuni mwa bibi yake na karatasi ya kuchora.

"Bibi, tazama. Nimekuchora wewe."

"Nzuri sana, mjukuu wangu."

"Bibi, siyo huko. Niko huku."

Bibi Mkunga aligeuza uso upande wa sauti, akacheka kidogo. Aliweka vidole vyake juu ya uso wa mtoto, akapita kwenye paji, pua, kidevu, akafika kwenye masikio na kukaa hapo kwa muda mrefu. Mtoto alitekenyeka, akakimbia. Mikono ya bibi ikabaki hewani. Chapuchapu alitoka nje na ufagio, akafagia uani ambako hakuna aliyemtuma.

Siku kumi zilipokwisha, Jumanne, waliondoka. Alhamisi, baada ya safari ya saa saba kwa gari la mpango, Bibi Mkunga alifanyiwa upasuaji, na asubuhi ya Ijumaa nesi alimwondolea bandeji. Mama alikuwa amefunga cherehani siku tatu ili kumsindikiza. Chapuchapu alisimama mguuni mwa kitanda, hajui mikono aiweke wapi.

Bibi Mkunga alipepesa macho. Alilitazama dirisha, akalitazama shuka, akaitazama mikono yake mwenyewe, akastaajabu ilivyozeeka. Kisha akamtazama binti aliyesimama mbele yake.

"Ndiye Chapuchapu huyu?"

"Ndiyo, bibi."

"Mdogo namna hii." Alitikisa kichwa. "Wiki zote hizi nilikuwa namkasirikia mtu mzima."

Chapuchapu alipiga magoti kando ya kitanda. "Nisamehe, bibi."

"Nimekusamehe. Njoo karibu, nikuambie kitu, na usikisikilize chapuchapu." Bibi Mkunga alimshika mkono. "Wewe ulidhani saa zile ni zako, unanigawia ukipenda, unaacha ukipenda. Siyo. Ukishamwambia mtu 'nitakuja', ile saa inakuwa yake. Anaipanga, anaitegemea, anaacha kutafuta msaada mwingine kwa sababu yako. Kujitolea hakuna mshahara, ndiyo, lakini kuna anayekungoja. Bora ungeniambia 'sitaweza', ningempata wa kuniinulia zulia. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, bibi."

"Basi inuka. Sakafu ina baridi."

Chapuchapu aliinuka. Mama yake alifungua mkoba, akatoa picha ambazo binti wa Bibi Mkunga aliziacha, akamwekea mapajani. Bibi Mkunga alizichukua moja moja, akizisogeza karibu na macho yake mapya. Alizitazama zote, kisha akarudia ya kwanza.

"Masikio ni yetu," alisema. "Mwambieni mama yake, akipata likizo tena, amlete kabla hajawa mkubwa."