Rufaa ya Makapi ya Miwa

Tangazo kwa umma. Wananchi wa Mikumi, wageni wenu na wanyama wote wa hifadhi jirani mnaarifiwa kwamba penzi zito kuliko yote yaliyowahi kushuhudiwa wilayani Kilosa lilianzia stendi ya mabasi, saa nne asubuhi, mbele ya mashahidi wasiohesabika. Mashahidi hao walikuwa nzi.

Nzi walikuwa wamejaa kwenye makapi ya miwa ya Devota Bonifas, msichana mrefu mwenye mwanya, gauni la kitenge cha njano na aproni iliyolowa juisi. Mashine yake ilikamua miwa ya Ruhembe kutwa nzima. Aliyemjia na daftari mkononi alikuwa Obed Maduhu, bwana afya mpya, kijana wa Magole, shati lake jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo yake ingeweza kukata muwa.

"Dada, makapi haya yatakaa hapa mpaka lini?"

"Mpaka jioni. Budeba huja kuwachukulia ng'ombe wake. Kunywa kwanza, Bwana Afya, unanikaripia koo limekauka."

"Sinywi kazini."

"Basi nusu glasi. Ina tangawizi na ndimu."

Alikunywa mbili, nzima. Mwezi haujaisha, simu zikawa hazipoi.

"Umekula, mrembo?"

"Nimekula. Wewe leo umekagua vyoo vingapi?"

"Saba."

"Na mdomo huohuo ndio unaniita mrembo!"

Siku moja Devota alipiga yeye. "Mpenzi, Budeba kahamisha ng'ombe. Makapi niyapeleke wapi?"

"Fuata barabara ya korongoni, utaona kibao cha bluu kimeandikwa TAKA HAPA. Ukikiona tu, mwaga. Usifikiri."

"Kufikiri nimekuachia wewe, mwenye shati."

Jioni hiyo alisukuma mkokoteni mwenyewe, magunia manane yaliyofungwa kwa vitambaa vya kitenge cha njano, masalia ya gauni lake. Akakiona kibao cha bluu ukingoni mwa korongo. Akamwaga. Hakufikiri.

Siku ya tatu, kumepambazuka, tembo alitoka hifadhini akifuata harufu ya sukari. Alikula akashiba, na wakati wa kuondoka akaegemea bafu la makuti la Mzee Gabrieli, ambaye mlango wake unatazama korongo. Mzee Gabrieli alikuwemo, na sabuni usoni. Aliokoka, ila mtaa mzima sasa unamfahamu kuliko alivyopenda.

Bwana afya akaitwa. Akakuta magunia yenye vitambaa vya njano anavyovifahamu. Kibao hakukiona. Kibao kilikuwa hatua mia tatu mbele, mahali pake pa siku zote. Akaandika notisi palepale: utupaji taka kinyume cha sheria na kusababisha kero. Mashine ifungwe. Siku saba za kukata rufaa kwenye kamati ya wilaya, Kilosa. Akishindwa, mashine itachukuliwa. Akaja kuizungushia utepe mwekundu kwa mikono yake.

"Obed, nilimwaga penye kibao. Wewe ndiye uliyenielekeza."

"Pale hakuna kibao, Devota. Nimesimama mwenyewe."

"Kwa hiyo mimi ni mwongo?"

"Nimeandika nilichokiona."

"Basi andika na hiki: usinipigie tena."

Tangu hapo Devota alikuwa kama panya ndani ya ndoo. Akinyamaza, mashine inakwenda, naye anarudi Ruhembe kukata miwa ya watu kwa panga. Akijitetea, atasimama mbele ya kamati amwite Obed mwongo, na Obed hajathibitishwa kazini. Asubuhi alikwenda kukaa kando ya mashine yake, kwa kuwa hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Makondakta walimpigia kelele: "Shemeji kakufungia biashara! Je, ukikosa kumpikia?" Alicheka nao. Jioni alirudi nyumbani akajifungia. Barua ya rufaa aliichana mara tatu, kila alipofika kwenye jina la Obed. Ya nne alimwita "afisa husika", akaifunga kwenye bahasha upesi kabla mkono haujabadili nia.

Siku ya saba, Kilosa, aliketi kwenye benchi la mbao, gauni la njano limefuliwa, mikono kapakata.

"Una shahidi?" aliuliza Mama Marselina, mwenyekiti wa kamati, mwanamke wa miwani mbili: moja machoni, nyingine kichwani.

"Shikamoo mama. Sina."

"Marahaba. Kibao ulikiona wewe peke yako?"

"Peke yangu."

Nyuma yake kiti kiliburuzika. "Mheshimiwa mwenyekiti, anaye. Shahidi ni mimi."

Devota hakugeuka. Aliogopa kugeuka.

Obed alitoa mfukoni tai ya shule, ya kijani na mistari myeupe. Jana yake alikuwa amerudi korongoni, akaikuta imefungwa kwenye mlonge, na gome la mti lina rangi ya bluu iliyokwaruzwa. Akaenda kwenye kibao. Udongo wake ulikuwa mpya na nguzo inacheza kama jino bovu. Kibao kilihamishwa, kikafungwa pale, kisha kikarudishwa. Ndani ya tai kulikuwa na namba 417, kwa wino usiofutika, kama wanafunzi wa bweni wanavyoagizwa. Namba hiyo haina uhusiano wowote na hadithi hii. Tuendelee.

"Unajua unajikosoa mwenyewe," alisema Mama Marselina, "nawe uko kwenye majaribio?"

"Najua. Niliandika nilichokiona. Ila sikutazama vya kutosha."

Notisi ikafutwa. Obed akapewa barua ya onyo na miezi sita zaidi ya majaribio. Devota akaagizwa asafishe korongo hata hivyo, maana tembo hasomi hukumu.

Nje, barazani, walisimama bila kutazamana.

"Shati lako halijapigwa pasi," Devota alisema.

"Siku saba. Umeme ulikuwepo, mimi ndiye sikuwepo."

"Kazi yako je, Obed?"

"Miezi sita nitaivumilia. Hizi siku saba sizirudii. Niwalete wazee wangu kwenu?"

"Waje na ng'ombe?"

"Kwetu hatuendi ukweni mikono mitupu."

"Waje. Ila ule utepe uje uutoe mwenyewe."

"Kwa meno, ukitaka."

Hapa ndipo ilipaswa kuishia, kwa heshima zote. Lakini Jumapili Devota aliingia chumbani kwa mdogo wake aliye likizo kuazima kioo, akaona tranka la shule. Juu ya kifuniko, kwa rangi nyeupe: 417.

Aliketi juu yake. "Sesilia," akasema taratibu, "tai yako iko wapi?"

Sesilia ni mimi.

Nilitaka Mzee Gabrieli, aliyenisemea kwa baba, aamke akute taka mlangoni. Siku moja tu. Kibao kiligoma kusimama, nikakifunga kwa tai. Kesho yake alfajiri nilipokwenda kukirudisha, niliona vitambaa vya njano. Nilikifungua kwa pupa, nikakimbia nacho, tai nikaiacha mtini.

Simu zao za nyumbani nilizisikia zote; ukuta wetu ni wa mbao. Kilio chake nacho nilikisikia, siku saba, nikajifunika shuka. Hapo sina utani.

Dada ameniamuru niandike yote, kuanzia kwenye nzi. Nimeandika. Kesho naipeleka Kilosa kwa Mama Marselina, kwa mkono wangu, ili ile barua ya onyo ibadilishwe jina. Nitavaa sare kamili, isipokuwa tai.