Insha Iliyomzika Baba

Kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi nilimpeleka baba kusafishwa damu, maana figo zake zilikuwa zimekwisha. Nesi alisema Kiingereza, mimi nikamgeuzia baba kwa Kihmong, lugha ya kwetu Laos. Hapa Fresno, Marekani, nimekuwa mdomo wake tangu nina miaka minane. Saa nne nzima yeye kwenye kiti cha mashine, mimi kando yake na kitabu nisichokisoma.

Matunda yake nikayaona: nilifeli hesabu na kemia. Na kabla Novemba haijaisha nilitakiwa kutuma insha ya kuomba kuhama kutoka chuo chetu cha miaka miwili kwenda chuo kikuu, kusomea uuguzi.

"Bila machozi hawakusomi, Pa Nhia," binamu yangu Kou alinishauri. "Ua mtu."

"Nimuue nani?"

"Una baba mgonjwa, halafu unauliza?"

Tukacheka kama wajinga. Nikaandika kwamba baba alifariki Machi, ndiyo maana nikafeli. Ilitoka tamu, hata mwenyewe nililia.

Jumamosi baba akaiona. "Nisomee."

"Ni ndefu, baba."

"Kwani naenda wapi na mipira hii mkononi?"

Nilipofika kwenye Machi, ulimi ulikataa. Kwetu mtu aliye hai hatangaziwi kifo. Roho yake ikisikia, yaweza kuondoka.

"Mbona kimya? Hapo ndipo nilipo mimi, sivyo?"

Nikamwambia. Hakufoka. Aligeukia ukutani mpaka mashine ikazimwa. Jioni shangazi alimfunga uzi mweupe mkononi ili roho yake isiende. Mimi sikuitwa.

Jumatatu mshauri wetu chuoni, Bi Quintero, aliisoma insha niliyokuwa nimeshamtumia. "Pole kwa msiba, mwanangu."

"Yuko hai."

Akavua miwani. "Wakigundua, watakufukuza hata ukiwa umeshaingia. Haya, nini hasa kilikufelisha?"

Nikamweleza: saa kumi na mbili kwa wiki kando ya kiti cha baba, na aibu ya kumwambia mwalimu.

"Andika hayo. Ulianguka wapi, umerekebisha nini, na kule chuo kikuu kuna nini ambacho hapa hakipo. Machozi niachie mimi, tishu ninazo."

Kurekebisha kwenyewe nilikuwa sijaanza. Niliwaomba walimu radhi, shangazi akachukua Alhamisi, nikajiandikisha kurudia hesabu na kemia. Nikaandika upya na kutuma zikiwa zimebaki siku mbili.

Aprili jibu lilikuja. Nilimsomea baba kwenye kiti kile kile. Alikuwa amekonda sana.

"Wamemchukua yule aliyefeli kemia?"

"Ndiyo, baba."

"Afadhali. Yule yatima wako angeingia, mimi ningekuja kukutembelea kama nani? Ukidanganya juu ya mtu wako, mwanangu, itabidi umfiche maisha yote. Ukweli wako uandike hata kama unakuaibisha. Angalau unaweza kutembea nao mchana."

Akafumba macho. "Sasa nisomee tena. Polepole."