Wakazi Kumi wa Nyumba ya Nanji

Mtungi ule ulikuwa haukauki kabla ya siku tatu. Swaumu alilijua hilo, maana yeye ndiye aliyeujaza na yeye ndiye aliyeunywa. Mumewe, Twalibu, alikuwa safarini na lori, njia ya Mpanda, na mtoto wao alikuwa bado ananyonya. Jumanne asubuhi aliujaza mpaka shingoni. Adhuhuri alipochovya kata, ilikwaruza udongo mkavu. Mtungi haukuwa na ufa, wala sakafu haikuwa na tone. Na ile kata, ambayo yeye huilaza juu ya kifuniko, aliikuta asubuhi ya pili imetundikwa kwenye msumari wa ukutani, kana kwamba kuna mtu mrefu anayeitumia kila siku na amejichagulia mahali pa kuiweka.

Akajaza tena, akanyamaza. Alikuwa mtu wa kunyamaza. Ndiyo maana Bwana Sadiki alimpenda.

Bwana Sadiki alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kuokoa majengo ya kale, cheo alichojipa mwenyewe siku aliyosikia kwamba kuna wafadhili wanaotoa ruzuku ya kukarabati nyumba za zamani katika miji midogo. Mwaka juzi tu alitaka nyumba hiyohiyo ya Nanji, hapo mtaa wa Gongoni, ivunjwe apate uwanja wa kuoshea magari. Ruzuku ilipotangazwa akaanza kuyaita matofali yale ya udongo urithi wetu, na akilitamka neno hilo alishika kifua. Nyumba yenyewe ilijengwa enzi za misafara. Familia ya Nanji waliinunua baadaye wakafanya duka, kisha wakahamia Dar. Kilichobaki ni mlango wa mninga wenye nakshi, vyumba viwili vya mbele alivyopanga Twalibu, na kule nyuma chumba kirefu kisicho na dirisha, ambamo wapagazi walikuwa wakitua mizigo na kulala.

Jumatatu, siku moja kabla ya mtungi kukauka, mwenyekiti alikuwa amekuja na fomu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe una mwandiko mzuri, hebu nisaidie. Hawa wafadhili hawataki nyumba tupu. Wanataka wakazi kumi."

"Tuko watatu tu, mzee."

"Ndiyo maana nimekuja na kalamu."

Mstari wa kwanza alijiandikisha yeye, mkazi na msimamizi, ingawa alilala nyumbani kwake Ipuli, nyuma ya geti la chuma. Wa pili Twalibu, wa tatu Swaumu. Wa nne Swaumu alikuwa ameshaandika Yasmini, jina la mwanawe, mwenyekiti alipoinamia karatasi.

"Huyu toa. Mtoto wa kunyonya naye ni mkazi? Analipa umeme? Weka Mabruki."

"Mabruki ni nani?"

"Nitajuaje? Jina la kale tu. Watu hawa wanapenda vitu vya kale."

Akaendelea kuyatema majina huku anatafuna sambusa ya Swaumu: Feruzi, Almasi, Songoro, mengine mengine, mpaka mistari kumi ikajaa. Swaumu aliyaandika yote bila kukosea hata herufi moja. Na jina la mwanawe alilikata kwa mstari mmoja mwembamba, taratibu, asije akaichafua fomu ya mzee.

Jumatano ilikuja harufu. Ilitoka chumba cha nyuma: ngozi mbichi, jasho, na nta ya asali iliyokaa sana juani. Alhamisi mchana, jua likiwa utosini, alisikia kitu kizito kikitua upande wa pili wa ukuta, puu, na pumzi ya mtu aliyefika. Kisha puu nyingine. Akahesabu saba. Ugali alioufunika jikoni aliukuta umemegwa kwa vidole vipana, na sufuria imesafishwa.

Yote hayo angeyavumilia. Lakini Ijumaa, alipokuwa akimfunga mtoto nepi, akamwita kama anavyomwita kila asubuhi, Yasmini, Yasmini, na mtoto wa miezi saba ambaye siku zote husikia jina lake akageuka na kucheka mpaka ufizi ukaonekana, safari hii alibaki anatazama dari, hageuki, hapepesi macho, hata mama yake alipomshika shavu na kumwita mara ya tano. Ndipo kutoka chumba cha nyuma, polepole, kwa sauti ya mwanamume aliyekauka koo, mtu akaita, "Mabruki," na mtoto akageuza kichwa chote kuelekea ukutani, akacheka.

Tangu hapo alikataa ziwa.

Maalim Sabiri, muuza manukato wa Kanyenye aliyekuwa na sifa ya kusomea nyumba, alikuja alasiri ileile. Alisimama kwenye mlango wa chumba cha nyuma akasoma. Ubani ulizimika mara tatu. Mara ya nne hakuwasha tena. Akafunga kitabu.

"Mwanangu," alisema kwa kunong'ona, "nani kawakaribisha hawa?"

Swaumu akamweleza habari ya fomu. Maalim alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha.

"Mimi namtoa jini aliyevamia. Hawa wana karatasi. Jini akikuta jina lisilo na mwenyewe analivaa, kama wewe unavyokuta kanzu imeanikwa. Sasa humu mmeweka majina yasiyo na watu, hata la mzee asiyelala humu, na mna mtu mmoja asiye na jina. Ulidhani wataanzia kwa nani?"

"Nifanye nini, maalim?"

"Mrudishe mtoto kwenye fomu kabla wafadhili hawajagonga muhuri. Halafu hama."

Bwana Sadiki alipopigiwa simu hakukubali. "Usiniletee mambo ya majini, Swaumu. Mkaguzi anakuja Jumatatu. Mvalishe mtoto fulana ya kamati, apendeze kwenye picha."

Jumatatu akaja Bi Getruda, mkaguzi wa wafadhili. Alikuwa amesomea majengo ya kale, kwa hiyo hakuitazama nyumba. Alisimama ukumbini na macho yake kwenye fomu. Mwenyekiti alikuwa amewakodi watu sita kutoka stendi, amewavisha fulana zilizoandikwa OKOA URITHI, amewakaririsha majina waliyopangiwa.

"Nikikutaja, itika," alisema Bi Getruda. "Sadiki."

Mwenyekiti alitabasamu akafungua kinywa. Lakini sauti ilitoka nyuma.

"Nipo."

Ilikuwa sauti yake yeye, ileile nzito ya mikutanoni, ila imekauka koo. Bi Getruda akatia alama. Mwenyekiti alibaki kinywa wazi, na kila alipokifumba na kukifungua tena jina lake halikutoka.

"Twalibu."

"Yuko safarini," alisema Swaumu.

"Swaumu ndiye wewe. Haya. Mabruki."

Kwapani mwa Swaumu, ndani ya kanga, yule mtoto ambaye alikuwa hajatamka hata mama, ambaye kwa siku tatu alikuwa amelishwa maji ya sukari kwa kijiko na midomo yake imepasuka, alinyoosha shingo kama mtu mzima anayeshusha mzigo wa kichwani, akasema kwa sauti ya babu, "Nipo," na kalamu ilikuwa imeshashuka kutia alama Swaumu alipoidaka.

"Kuna kosa namba nne, dada. Niliandika mimi."

Akalikata jina la Mabruki, mistari miwili, akaikandamiza mpaka karatasi ikatoboka. Juu yake akaandika Yasmini binti Twalibu. Mtoto akapiga ukelele, ukelele wa mtoto, akaanza kutafuta ziwa.

"Ungesema mapema," alisema Bi Getruda, akaendelea. Feruzi, nipo. Almasi, nipo. Songoro, nipo. Watu wa stendi walikuwa wameshakimbia, fulana mbili zimeangushwa mlangoni. "Na hawa wengine wako ndani? Hawapendi picha? Sawa, tunaheshimu mila." Akagonga muhuri.

Ruzuku ilitoka. Mlango wa mninga ulipakwa mafuta, na siku ya ufunguzi mwenyekiti alitoa hotuba. Watu wote walikubaliana kwamba tangu aanze kulala humo amekuwa mtu bora: hasemi uongo, anaamka kabla ya jua, anabeba magunia mawili kichwani peke yake. Anakunywa maji mengi, basi.

Swaumu wakati huo alikuwa amehamia Kanyenye. Jioni moja, akitoka sokoni na Yasmini mgongoni, mwanamume mmoja mchafu alimfuata. Alikuwa ametoka Ipuli. Alikuwa amegonga geti la chuma, mkewe akauliza nani, akashindwa kujibu.

"Mwanangu, una mwandiko mzuri," alisema. "Niandike. Popote, hata kwenye kipande cha boksi."

Swaumu alimtazama kwa adabu, kama alivyolelewa.

"Nikuandike nani, mzee?"

Mwanamume akafungua kinywa. Swaumu alimpa muda wa kutosha. Kisha akamwita mwanawe kwa jina, mtoto akaitikia kwa kicheko mgongoni, wakaenda zao.